Ametulia, nami naogopa utulivu wake

Shikamoo Anti,

Nina miaka 34, ni fundi cherehani hapa Kihonda, Morogoro. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 11 na wa kiume 6. Baba yao tulifunga ndoa bomani mwaka 2013, baada ya kujuana miezi miwili tu. Alikuwa na haraka, nami nikaona haraka ndiyo mapenzi. Mwaka wa kwanza alinibadilishia laini ya simu. Wa pili akaanza kupokea mwenyewe hela za wateja wangu. Kipigo kilikuja baada ya mtoto wa kwanza. Hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa ananyamaza siku mbili, tatu, halafu anafunga mlango kwa ndani. Niliondoka Januari 2022 na watoto na cherehani moja. Mjumbe alituandikia karatasi kwamba tumeachana, kila mtu akasaini, ikaishia hapo. Nyumba tuliyojenga anaishi yeye.

Sasa yapata miezi kumi niko na mwanamume mwingine. Ni mwalimu wa sekondari, ana miaka 41, na mkewe waliachana mahakamani. Ana mtoto mmoja anayeishi kwa bibi yake. Anti, kosa lake silioni, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nikichelewa kumjibu haulizi nilikuwa na nani. Nikishindwa kwenda kumwona anasema sawa, tutapanga siku nyingine. Lakini akinyamaza akisahihisha madaftari, mikono yangu inatoa jasho, naanza kuosha vyombo ambavyo ni visafi. Namwomba ruhusa hata ya kwenda sokoni, mpaka ameniuliza kwa nini. Sijamwambia kwamba nina hisa kwenye kikoba. Mwezi uliopita nilimpa binamu yangu namba yake amchokoze kwa meseji, nione. Hakujibu. Badala ya kufurahi nikasema huyu ameshtuka, anajua kujificha.

Mdogo wangu anasema nimezoea shida mpaka raha inaniwasha. Binti yangu hamsalimii mwalimu. Na Jumapili hii anataka jibu: alete mshenga kwa wazazi wangu Kilosa, au asubiri? Nitajuaje kama ni mwema kweli au ni yule yule kavaa shati jingine? Na nimwambie nini?

Mshonaji, Kihonda

*

Marahaba, mwanangu.

Mdogo wako anakupenda, ila hapo amekosea. Raha haikuwashi. Kwa miaka mingi ukimya ndani ya nyumba yako ulikuwa na maana moja tu, kwamba kipigo kiko njiani. Mwili wako ulilishika somo hilo vizuri, na likakusaidia kujikinga. Sasa mwili huo huo unamwona mtu kainama mezani na kalamu nyekundu, kimya, nao unafanya kazi uliyofundishwa. Hofu hiyo si ushahidi dhidi ya mwalimu, wala si upumbavu. Inahitaji kupembuliwa, ujue ipi ni ya jana na ipi inakuonya kweli kuhusu leo.

Unayo madaftari ya vipimo vya wateja. Chukua moja jipya, lichore safu tatu: kilichotokea, nilichoogopa kitafuata, kilichofuata kweli. Andika na tarehe. Kwa mfano: “Alinyamaza tangu saa moja hadi saa tatu usiku. Niliogopa amenikasirikia. Alimaliza madaftari, akasema njaa inamuuma.” Safu ya tatu usiijaze usiku ule ule, kwa sababu usiku hofu ndiyo huandika. Ijaze kesho yake. Fanya hivyo wiki nane, na ujaze hata siku zilizopita salama. Wengi huharibu hapo: huandika siku mbaya tu, mwisho daftari zima linasomeka kama hati ya mashtaka. Baada ya wiki nane soma safu ya pili na ya tatu kwa pamoja. Zikipishana karibu kila mara, unaogopa mtu ambaye hayupo. Zikianza kufanana, amini daftari kuliko maneno matamu ya mtu yeyote, hata yangu.

Mikono ikianza jasho, viache vyombo. Kaa, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, uendelee dakika tatu hivi. Kuitoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Kisha uliza swali moja fupi: “Umenyamaza. Kuna jambo kati yetu au umechoka tu?” Akijibu, likubali jibu, usiulize mara tatu. Na ruhusa za sokoni uanze kuziacha kidogo kidogo kwa kubadili sentensi. Badala ya “naomba niende Kilosa,” sema “Jumamosi naenda Kilosa kumwona mama, narudi Jumapili jioni.” Kumpa mtu taarifa ni heshima tosha. Hii ya pili ni sentensi ya mtu mzima anayeishi na mtu mzima.

Mtego wa binamu uache kabisa. Umeshaona mwenyewe haukukupa kitu: alipofaulu ulisema kajificha, na angejibu “nani mwenzangu?” ungesema kanaswa. Mtego hauna jibu linaloweza kukutuliza. Tena akigundua, utakuwa umemfanyia kile ulichokikimbia, kupekuliwa. Mwambie mwenyewe kabla binamu hajateleza ulimi, mwezi huu huu, kwa maneno machache na bila machozi ya kumlazimisha akusamehe. Akikasirika ana haki. Tazama tu anavyokasirika.

Sasa swali lako kubwa, la kumjua mtu. Wema hauonekani kwenye zawadi wala siku za raha. Mume wako wa kwanza alikuwa na zawadi na haraka. Unaonekana baada ya “hapana.” Si hapana ya kutega, ni hapana ya kweli, ile ambayo umekuwa ukiimeza. Hutaki kumpa nywila ya simu? Sema. Umechoka, leo hutaki alale kwako? Sema. Kakuomba umkopeshe na hela ni ya ada? Sema. Hutaki tendo usiku huo? Sema, na hii usiimeze kamwe. Kisha angalia vipindi vitatu: saa ile ile, kesho yake, na wiki inayofuata.

Saa ile ile mtu mwema anaweza kusikitika usoni, hata akasema “nimeumia kidogo.” Hilo ni la kawaida, usilihesabu kosa. Kesho yake anazungumza nawe kama jana. Wiki inayofuata ile hapana haijarudi kama deni. Mtu wa kuogopa naye ana dalili zake: anakununia siku mbili ili ujirudi, anakwambia “baada ya yote niliyokufanyia,” anawapigia ndugu zako walalamike kwa niaba yake, au anakubali kwa mdomo halafu anakuadhibu kwa njia nyingine, hela ya chakula ikachelewa, safari ikafutwa. Mpaka sasa unachonieleza ni kwamba anasema sawa, tutapanga siku nyingine. Hiyo ni alama nzuri. Ila kwa ulivyoandika, hapana zako zimekuwa ndogo sana, nazo ndogo kila mtu huzimudu. Huwezi kumjua mtu ambaye hujampinga.

Alama ya pili ni ugomvi, na hasa baada yake. Miezi kumi bila kugombana si sifa, huenda mmoja anameza. Mkikorofishana sikiliza anavyoomba radhi. “Samahani kama umeumia” ni maneno ya kufunga mjadala. “Nilikujibu vibaya mbele ya watoto, nimekosea” inataja kosa. Kisha subiri uone kama kitendo kinabadilika ndani ya wiki mbili tatu. Msamaha unaorudiwa kwa kosa lile lile ndio uliokuweka kwenye ile nyumba ya kwanza miaka yote ile.

Wekeni taratibu za ugomvi siku mkiwa na amani, si katikati ya moto. Hizi mbili kwako ni za lazima: hakuna anayesimama mlangoni wala kufunga mlango kwa ndani, na anayetaka kunyamaza aseme ananyamaza kwa muda gani. “Nimekasirika, nipe nusu saa, saa mbili kamili tutaongea.” Nusu saa si namba ya mapambo, mwili uliopandwa na hasira huhitaji dakika ishirini au zaidi kushuka. Na aliyeomba muda ndiye anayerudi kuanza mazungumzo. Asiporudi, huo si mapumziko tena, ni adhabu. Wala usimweleze yote uliyopitia kwa usiku mmoja. Mpe lile analohitaji kulijua ili asikuumize bila kukusudia: mlango, ukimya, kushikwa mkono kwa nguvu. Mengine yatakuja kwa wakati wake.

Mtazame pia nje ya kwako: mshahara ukichelewa, akipoteza simu, bodaboda akimpitisha njia ndefu, msibani anapochoka, akinywa kama anakunywa. Msikie anavyomzungumzia aliyekuwa mkewe. Kama makosa yote mia ni ya mwanamke yule na lake hata moja halipo, liandike kwenye daftari.

Ikitokea siku akakuzuia kutoka, akakunyang’anya simu au akakuinulia mkono, usingoje wiki nane. Mara moja inatosha. Dawati la Jinsia na Watoto liko kwenye vituo vingi vya polisi, na ukiwa umeumia chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituoni kabla ya kwenda hospitali. Ukiwa na hali mbaya, tangulia hospitali, fomu itafuata.

Binti yako hajakosa adabu. Ana miaka 11, mwaka 2022 alikuwa ameshafikisha umri wa kukumbuka. Salamu kwa mkubwa ni malezi, na sisemi uyatupe, lakini isizidi salamu. Kukumbatiwa, kukaa karibu, kumwita baba, hayo yasiombwe. Wakutane mchana, mahali pa wazi, saa moja au mbili, kisha mwalimu aende zake. Asiwaadhibu, asiwaahidi vitu, wala usimwachie watoto akae nao peke yake katika kipindi hiki, hata akiwa malaika. Mwambie binti kwa maneno yake ni nini hakitabadilika: shule, kitanda chake, kuongea na baba yake kwa simu kama huwa anaongea. Kisha mwulize ukiwa naye peke yenu, mkipika, si mkitazamana: “Ukimwona mwalimu unajisikiaje?” Akisema hampendi kwa sababu ni mgeni, mpe muda. Akitaja jambo alilofanyiwa au kuambiwa, acha kupika umsikilize mpaka mwisho. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena, au akaanza kukataa kurudi nyumbani siku fulani, chunguza. Namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Hisa za kikoba hujamwibia mtu. Siri ni pale unapoficha deni litakalomwangukia mwenzako, lakini akiba yako ni stara yako. Mwambie ipo, si lazima umtajie kiasi. Kabla ya mshenga kaeni mara moja na karatasi, kila mmoja aandike kipato chake kwa makadirio, madeni yote (yeye aseme kama anakatwa mkopo wa chuo au benki, wewe useme kama una kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa), na watu anaowatumia hela kila mwezi. Mchangie kodi, chakula na ada kwa makubaliano. Laini yako, namba yako ya siri na hela za wateja zibaki mikononi mwako. Na uwe na akiba ya kodi ya miezi mitatu, chakula cha mwezi na nauli ya watatu, pahali unapopafikia peke yako. Kuiweka si kumtabiria mabaya. Mwanamke asiyelazimika kukaa anajua kwamba amekaa kwa kupenda.

Vipimo nitavisema kwa kifupi. Nendeni wote wawili mpime VVU, kaswende na homa ya ini B. Kama yeyote ana wasiwasi wa karibuni, VVU virudiwe baada ya miezi mitatu, kwa kuwa maambukizi mapya huweza kutoonekana mapema. Mkitaka mtoto, mpime na selimundu (sikoseli).

Sasa nakuja kwa lile ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko ukimya wa mwalimu. Mwanangu, wewe bado ni mke wa mtu. Karatasi ya mjumbe si talaka. Ndoa ya bomani huvunjwa na mahakama, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanamke mwenye ndoa hai kufunga nyingine. Mkihamia pamoja mkitegemea ile dhana ya sheria kwamba walioishi miaka miwili wakajulikana kama mke na mume wameoana, haitakuokoa wakati ndoa ya kwanza ipo. Zaidi ya hapo, mumeo anaweza kumfungulia mwalimu madai ya fidia ya ugoni. Kupokea mshenga sasa ni kujenga kwenye kiwanja chenye mgogoro.

Anza na baraza la usuluhishi wa ndoa la kata yako. Beba cheti cha ndoa. Kama kimebaki kwake, omba nakala iliyothibitishwa kwa msajili mlikofungia ndoa au RITA, wakala wa serikali wa usajili. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho, na ile karatasi ya mjumbe. Haikuvunja ndoa, lakini ina tarehe na sahihi zenu wote wawili, na kutengana kwa hiari kwa angalau miaka mitatu ni moja ya mambo ambayo mahakama huyapima kuona kama ndoa imevunjika isivyorekebishika. Kumbe ile karatasi ina kazi, itunze. Ukatili nao ni miongoni mwa mambo hayo, kwa hiyo usiufiche kwa aibu. Wengi husema mbele ya baraza “tulishindwana tu,” halafu mahakamani hukosa cha kusimamia. Kama unaogopa kukaa naye chumba kimoja, mwambie mwenyekiti mapema akusikilize peke yako, na uende na ndugu. Mumeo akikaidi wito, omba baraza liandike hivyo.

Usuluhishi ukishindikana baraza hutoa hati, wengi huiita Fomu namba 3. Ipeleke mahakamani, na Mahakama ya Mwanzo inatosha, kabla haijapita miezi sita tangu itolewe. Ikipita, unarudi mwanzo. Katika maombi hayo hayo omba mgawanyo wa mali, malezi na matunzo ya watoto. Nyumba usiiache kwa kudhani fundi cherehani hana fungu. Tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wewe ulikuwa na hela za cherehani pia. Tafuta risiti za bati na saruji, miamala ya simu, jina la fundi aliyejenga, na jirani aliyekuona ukibeba maji ya zege. Kuhusu watoto, mahakama hutazama ustawi wao, na aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa bora akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Mwanao ana sita, hivyo usichelewe. Wakili huna? Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mwulize afisa ustawi wa jamii wa kata akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria, huduma yao ni bure.

Mpaka hukumu itoke kila mmoja alale kwake. Najua ni kungoja kurefu, lakini kungoja huko kutakuonyesha mengi kumhusu mwalimu.

Jumapili mwambie mapema mchana, watoto wakiwa kwa mdogo wako, kwa maneno kama haya: “Nataka kuendelea na wewe. Ila ndoa yangu ya kwanza bado ipo kisheria, na kesho nakwenda baraza la kata. Mshenga asije mpaka nipate hukumu, na sijui itachukua miezi mingapi. Nina hisa zangu kwenye kikoba, nataka ujue zipo. Na ukinyamaza bila kuniambia kwa nini, huwa naogopa. Si kosa lako, ila nakuomba uwe unaniambia.” Ukimaliza usiongeze samahani. Nyamaza, umpe nafasi ya kujibu.

Hii ndiyo hapana kubwa kuliko zote ulizompa. Iandike kwenye daftari usiku huo, safu ya kwanza na ya pili. Ya tatu uiache wazi mpaka Jumatatu, ukirudi kata.